Mtani, Miche Yako Iko Kwangu

Mwangaluka, mtani Maduhu.

Kama huko uliko habari za Bariadi zinafika, basi umeshasikia: mimi Pazi ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote mjini hapa. Usicheke. Miche yako ya nyanya, ile niliyoinyakua msibani kwako, imeshika yote. Haujafa hata mmoja. Imesimama ndani ya karai lako kama askari wa gwaride, majani yanang'aa, na wapita njia wanasimama kwenye kibanda changu cha pancha wananiuliza, fundi, umeanza lini kilimo? Nawajibu kwamba mikono hii ina baraka, nikipanda hata msumari utatoa majani. Na Jumapili hii, wakitoka kanisani, mkeo, shemeji Mama Kulwa, anakuja na mapacha wenu kuichukua. Kuku wa kuikombolea ameshaleta. Nani kama mimi?

Barua sijazoea kuandika. Shule niliiacha darasa la tano, na mwalimu alishukuru. Lakini kaburini kwako nimeshindwa kusema. Nakuja, nasimama, na kila nikifungua mdomo unatoka utani. Nakwambia amka we Msukuma, jua limeshapanda, ng'ombe wako wameingia kwenye mahindi ya watu. Halafu naondoka. Ndiyo maana naandika. Kwenye karatasi hakuna anayesubiri nimchekeshe.

Ulichagua wakati mbaya, mtani, sikufichi. Jua la mwezi wa tisa, udongo umepasuka, bustani yako nyuma ya nyumba imebakiza matembele na ngogwe chache, na wewe umeshaotesha nyanya zako za kungojea mvua. Asubuhi ulizimwagilia. Mchana ukasema kichwa kinagonga. Jioni wakaja kuniita. Nilikuwa nimeshika tairi la bajaji ya mtu, nikaliacha chini palepale. Mpaka leo sijui nani alilifunga.

Na msibani unajua nilikuwa wapi. Wengine walilia, mimi nilikuwa kazini. Mzaramo kwa Msukuma, kazi hiyo tuliirithi tangu babu zako walipoteremka pwani na mizigo kichwani, wakafika kwetu midomo imekauka. Mtani halii. Mtani anachekesha ili wenye msiba wapate kupumua. Nikavaa gambuti zako, nikashika kiuno kama ulivyokuwa unakishika ukiinuka kwenye tuta, nikawafokea bata kwa Kisukuma changu kibovu. Nikajilaza mlangoni. Nikasema huyu hatoki, kanitukana tangu mwaka uanze, na leo ilikuwa zamu yangu kumjibu, kwa nini anakimbia? Katekista alificha uso nyuma ya kitabu, mabega yanatikisika.

Lakini Mama Kulwa hakucheka. Tangu jana yake alikuwa hajala wala hajasema neno, amekaa mkekani anatazama ukuta. Nikaona hapa kazi haijaisha. Nikazunguka nyuma, nikafika kwenye kichanja chako, nikateremsha karai la miche, nikalitwika kichwani kama babu yako, nikapita nalo katikati ya watu. "Hii mali yangu! Marehemu kaniachia! Anayeitaka aje aikomboe!" Maji ya tope yakawa yananivujia shingoni, yanashuka mgongoni, shati jeupe lote likawa rangi ya ng'ombe. Hapo shemeji akacheka, mtani. Alicheka mpaka akashika ubavu, halafu ndiyo akalia. Wanawake wakasema afadhali, mama amelia.

Nikaenda nalo nyumbani. Desturi unaijua: mtani akichukua kitu msibani, wafiwa wanakuja baadaye na kuku, au na chochote walichonacho, wanakikomboa, mnatukanana kidogo, mnakula, yamekwisha. Kabla ya hapo si changu kukipanda wala si changu kukirudisha. Nilijua matanga yakiisha tu nitasikia hodi.

Sikusikia.

Nilikwenda kusalimia. Mtani, uzio wako wa miiba umelala. Mbuzi wa jirani wameyamaliza matembele mpaka mizizi, na yule bata dume, adui yako, analala katikati ya tuta la ngogwe kama mwenyekiti wa kijiji. Dirisha la nyuma shemeji amelifunga. Hafiki huko. Nimekuta ndani fungu la mchicha la kununua sokoni. Mke wa Maduhu ananunua mchicha! Nilitaka kusema neno la kuchekesha, likagoma. Kaka yako wa Zagayu alikuwepo siku hiyo, anapima uwanja kwa hatua zake. Anasema pale nyuma vinakaa vyumba viwili vya kupangisha, ardhi ya mjini hailimwi mboga. Si mtu mbaya, anawafikiria watoto. Shemeji hakukubali wala hakukataa. Alisema, "Tutaona mvua ikija."

Basi nami nikangoja mvua kuliko mkulima wa pamba.

Unakumbuka mwaka ule ulioniajiri? Wewe ulisema unanifundisha, mimi nasema uliniajiri bila mshahara. Mimi niliyekuwa utingo, niliyelala Kigoma, nikalala Kampala, nikalala Lubumbashi kwenye turubai la mizigo, ukanikabidhi ndoo na kopo niimwagilie chainizi yako. Nikajaza kopo, nikamimina. Ukasimama nyuma yangu: "We Mzaramo, hiyo mboga unaimwagilia au unaibatiza?" Nikakujibu kwamba naitawadhisha, maana ukiisha kuipika wewe nitakuja kuila mimi. Tulicheka mpaka bata wakakimbia. Kila jioni baada ya hapo nikifunga kibanda nilikuja kwako na mikono ina grisi, na wewe unanipa jivu ninawie kabla sijagusa majani. Nilikuwa sina shamba, sina ndugu mji huu, sina hata mbuzi. Nilikuwa na tuta moja la mchicha nyuma ya nyumba ya Msukuma. Watu walidhani nakuja kula. Sawa, nilikula pia.

Mvua imekuja. Ya kwanza ilipiga usiku kwa kishindo, asubuhi kumbikumbi wametapakaa hadi kwenye sanduku langu la spana. Mtaa mzima wameinama: huyu anasia mchicha, yule anachomeka mbegu za maboga kando ya ukuta, watoto wamechuma mlenda unaojiotea wenyewe. Harufu ya udongo ule iliipeleka miguu yangu mpaka kwenye kona ya kwako kabla sijakumbuka kwamba haupo. Nikageuza. Nikajifanya nimeangusha kitu.

Na juzi nikasikia hodi. Mama Kulwa, kavaa kanga yake ya kazini, kuku mweupe kamshika kwapani. Nikaruka na maneno yangu. "Kuku mmoja? Kwa urithi wote ule? Rudi kalete na beberu, tena mwenye ndevu kama za marehemu!" Akasema, "Pokea huyo huyo, Mzaramo mwenye njaa, kabla sijabadili nia." Amerudi, mtani. Ulimi wake umerudi. Akaniambia amemjibu shemeji yake wa Zagayu kwamba vyumba havijengwi, bustani atailima mwenyewe, na mapacha wameshaanza kusimamisha miiba. Kisha akapunguza sauti. Akasema amelitafuta jikoni lile gazeti ulilokuwa unakaushia mbegu, amekuta karatasi tupu. Ulizisia zote. Zile nyanya za mama yako, zenye mikunjo, chachu, laini, ambazo hazifiki sokoni bila kupasuka na haziuzwi na mtu yeyote, zimebaki kwangu tu. "Wabeja, shemeji," akanishukuru. "Wengine walinishauri niseme uzirudishe mapema. Nikasema ziko kwa Pazi, ziko salama."

Akataka kuziona. Nikamwambia zimelala. Miche imelala, mtani, mchana kweupe! Alicheka, akadhani ni yale yale yangu. Akasema basi Jumapili.

Nilibaki na kuku mkononi.

Sikia sasa. Siku ile ya maziko, nilipolitua karai, niliona lile tope linavyochuruzika kwenye matundu. Mimi ni fundi pancha. Tundu likiwa mbele yangu mkono haungoji kuulizwa. Nikachukua gundi na vipande vya tyubu nikaziba moja baada ya jingine, kazi safi, halikutoa hata tone, na nikasema kwa sauti, Msukuma huyu, hata karai kashindwa kuliziba. Kumbe nilikuwepo ulipoyatoboa kwa msumari, ili maji yapate pa kutokea. Nililishika karai upande wa pili ili lisiteleze. Sikukumbuka. Halafu kila nilipokuwaza nilimwagilia. Asubuhi nikimaliza chai, nakuwaza. Tairi likija lenye tope la njia ya kwenu, nakuwaza. Nakuwaza, namwagilia. Sikuweza kulia, nikawa naleta maji. Shingo za miche zikawa nyembamba kama uzi, ukalala mmoja, yakalala makundi. Nilipoliinamisha karai lilinuka kama mtaro.

Halafu, kabla shemeji hajaja na kuku, nikafanya ujanja wa Lubumbashi. Nikanunua miche mingine kwa mama mmoja wa vitalu, nyanya za kisasa, zile ngumu unazoweza kuzirusha ukutani zikarudi. Nimeipanga ndani ya karai lako. Hiyo ndiyo wapita njia wanaisifu. Nilisema nyanya ni nyanya, mpaka zizae ni miezi, na hadi hapo Mungu atakuwa amefanya jambo. Nilishakusudia kabisa. Kama Mama Kulwa asingesema ziko salama, ningempa hivyo hivyo, tena kwa wimbo.

Nakuahidi hivi. Sitaingoja Jumapili. Kesho asubuhi nakwenda mimi kwake, kuku wake kwapani. Sitavaa gambuti zako. Sitaigiza sauti yako. Nitakaa chini mkekani na kumwambia zimekufa, na nani aliyeziua. Akinifukuza, nitakwenda na bado nitarudi kusimamisha miiba, maana mapacha hawajui kufunga kona. Akininyamazia kama alivyounyamazia ule ukuta, nitakaa hapo hapo, na safari hii sitamchekesha. Na kama machozi yatanitoka mbele yake, mtani, nisamehe, nitakuwa nimetoka kazini.

Lala salama, Maduhu. Ulinipa tuta moja katika mji ambao sikuwa na kitu.

Na ile bahati niliyokuandikia mwanzoni, ni uongo. Sina bahati yoyote. Miche yako imekufa yote.

Mtani wako,
Pazi