Mkono wa Akina Pu

Nanxun, mwezi wa nane, siku ya kumi na tisa, mwaka wa Nyoka

Baba yangu, shikamoo.

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu mwezi wa tatu. Barua yako ya kuuliza kama nimejifungua salama iko chini ya mto wangu, na kila siku nasema leo nitajibu, halafu mtoto analia. Ni msichana, tumemwita Mian. Ana miezi mitano na ananyonya kama anayekimbizwa. Mimi ni mzima, ila usingizi nimeusahau. Kifua chako je? Bado unakunywa yale maji ya mapea?

Baba, leo naandika kwa sababu nimepata mshtuko, na humu ndani hakuna wa kumweleza akaelewa.

Jana Mama mkwe alifungua kasha la marehemu babu yake mume wangu, tukitafuta vitambaa vikuukuu vya kukata winda za mtoto. Chini kabisa tukakuta kitabu cha nakala za mawe, kurasa nyeusi na herufi nyeupe. Nikafungua. Ni Jiwe la Qingyan, Baba! Lile lile ambalo babu alikufundishia wewe, na wewe ukanifundishia mimi miaka kumi na miwili. Lakini karatasi hizi zilibandikwa jiweni na kupakwa wino zamani sana. Pembeni pana tarehe: ni miaka mia tatu kabla ya nakala yetu. Wakati huo jiwe lilikuwa halijaliwa na mvua.

Baba, mistari haitetemeki.

Hata mmoja. Ule mtetemo ambao watu wanatoka mbali kuja kuutazama, wanaouita kwa jina la ukoo wetu, "mkono wa akina Pu", haumo. Mstari wa kulala umenyooka, umejaa mpaka mwisho, kama tambi iliyovutwa na mtu anayeijua kazi yake. Pale ambapo sisi tunaikatiza brashi na kuirusha, mwandishi wa jiwe hakurusha kitu. Ni jiwe lililobanduka. Miaka yote hii tumekuwa tukiiga nyufa.

Nilikaa sakafuni. Mama mkwe, asiyejua kusoma hata jina lake, akaleta ile karatasi niliyoandika siku ya harusi, akaiweka kando ya kitabu, akatazama huku, akatazama huku.

"Huyu wa kitabuni kashiba," akasema. "Huyu mwingine, mwanangu, alikuwa anaona baridi?"

"Mama, huyo ni mimi."

"Basi vaa nguo!"

Akacheka mpaka mtoto akaamka. Mimi kicheko hakikuja.

Uliniambia kwamba mwezi wa kumi fundi Kuang atachonga mwandiko wako kwenye jiwe la shule mpya, na kila mtoto wa mji atajifunza kuandika kwa kuliiga. Baba, nakuomba sana, asiguse patasi mpaka uone hii. Nimekuchorea kurasa mbili kwa kulaza karatasi nyembamba juu ya kitabu. Mzee Geng wa mashua atakupa mkononi.

Binti yako,
Suyin


Jiaxing, mwezi wa nane, siku ya ishirini na saba

Mwanangu Suyin, marahaba.

Nimefurahi kupata mjukuu. Mama yako angekuwa hai angechemsha mayai, akayapaka rangi nyekundu, akagawa mtaa mzima. Nimegawa mimi. Kumi na mawili yamepasuka. Kifua kinakwenda hivyo hivyo.

Kuhusu hilo lingine: makasha ya watu yamejaa nakala za uongo. Wauza vitabu wanalowesha karatasi kwenye chai ili ionekane ya kale. Huna hata miaka miwili huko ukweni, umeshakuwa hakimu wa mawe? Na Mama mkwe wako, kwa heshima zote, abaki na winda zake.

Kuang anaanza siku ya kwanza ya mwezi wa kumi. Ukipata nafasi, lala.

Baba yako


Nanxun, mwezi wa tisa, siku ya sita

Baba, shikamoo.

Mian ameota jino, na jino lenyewe limenijaribu mimi kwanza. Wote tunakusalimu.

Nilitamani uwe umesema kweli. Niliutafuta huo uongo siku nne, mtoto mgongoni. Sasa fungua nakala yetu, ukurasa wa tisa, pale penye herufi ya neno "mto". Ule mtetemo tunaoupenda unapita herufi tatu mfululizo, kisha unaendelea mpaka pale katikati ya mistari, mahali ambapo hapakuandikwa kitu. Mtu haandiki pasipo na herufi, Baba. Ufa ndio unaopita popote.

Na nimejaribu. Nimechora mstari wa kulala bila kuutetemesha mkono, nikashindwa. Mkono unatetemeka wenyewe. Nimechora mia mbili, yote ni hivyo. Nimeshikwa na hofu kama mtu anayetaka kusimama akakuta miguu si yake.

Unakumbuka nilipokuwa na miaka minane? Mkono wangu ulikuwa umetulia. Ulisema ni mkono wa mwashi, hauna roho. Ukanipiga kwa rula ya mwanzi kwenye kifundo cha mkono, miezi na miezi, mpaka ukajifunza kutetemeka. Sikulaumu, hukujua. Lakini sasa unajua. Mwambie Kuang angoje.

Nijibu upesi.

Binti yako,
Suyin


Jiaxing, mwezi wa tisa, siku ya ishirini na tisa

Mwanangu, marahaba.

Mzee Geng amepita hapa mara tatu kuuliza kama nina barua. Mara tatu nimemwambia sina.

Nilijua.

Ulipokuwa na miaka sita nilikwenda Hangzhou kumwandikia mfanyabiashara mmoja wa chumvi mabango ya mwaka mpya. Akanionyesha nakala ya zamani kama hiyo yenu. Chai ilinimwagikia mapajani, nisihisi kitu. Nikarudi nyumbani, siku mbili ndani ya mashua. Nilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja, na jina la babu yako juu ya mlango. Nikajiambia nitasema baada ya sikukuu. Sikukuu ikapita.

Kisha wewe, ulipofika miaka minane, ukaanza kuchora mstari ulionyooka, umejaa, kama ule wa Hangzhou. Hakuna aliyekufundisha. Nikaona mtoto ananiumbua kila asubuhi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Ndipo nikachukua rula.

Hilo ndilo lililonizuia kuandika.

Jana nimemwambia Kuang aache. Amekasirika, jiwe ameshalisugua. Wazee wa shule wanauliza kumetokea nini, nimesema mkono unaniuma. Sijui niwaambie nini. Sijui hata kama nina haki ya kuandika neno ninalolitia sahihi hapa chini.

Baba


Nanxun, mwezi wa kumi, siku ya kumi na moja

Baba, shikamoo.

Mian ana mafua kidogo, lakini anacheka. Mama mkwe anakusalimu na anasema mayai hayapasuki ukiyaanza kwenye maji ya baridi.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mume wangu akauliza, "Nani kafa?" Nikasema hakuna. Akasema, "Mbona umekishika kifundo?" Nilikuwa nimekishika bila kujua.

Miaka miwili kabla ya rula, ulijua. Nimeihesabu mara nyingi nikinyonyesha, nikitumaini kwamba nimekosea. Sikudanganyi kwamba imepita. Haijapita. Juzi Mian alinyoosha mkono ashike brashi yangu, nikaiona ile mikunjo ya kifundo chake, nikatoka nje nikalia.

Lakini umemsimamisha Kuang, na hapakuwa na mtu wa kukulazimisha.

Sasa nisikilize, na usibishe. Wazee wa shule waambie kweli: tuliiga jiwe lililochakaa, na unajifunza upya. Watacheka. Nimeshachekwa mimi, na ninaishi. Jiwe lao lingoje mwaka mmoja. Mimi nimeshaanza, mstari wa kulala tu, kila asubuhi mtoto akipitiwa na usingizi. Katika mia ya jana, mmoja ulitulia. Yaani nusu yake ya kwanza. Nilipiga kelele, mtoto akaamka.

Na wewe utaanza. Katika furushi hili nimekuwekea kurasa sita za kitabu. Anza na ya kwanza, usirukie ya pili mpaka nikwambie.

Binti yako,
Suyin

Mpe Mzee Geng vitu hivi kabla baridi haijakaza:
sukari guru, mabonge mawili, maana nanyonyesha;
karatasi za mwanzi, zile nyepesi za mazoezi, mafungu manne;
brashi mbili za manyoya ya mbuzi, mpya, ambazo hazijazoea mkono wa mtu;
karatasi zako mia moja za mstari wa kulala, zote, usinichagulie nzuri;
na kile kijiti chako cha wino mwekundu, cha kuzungushia mstari wa mwanafunzi ukitoka vizuri. Wewe kwa sasa hutakihitaji.