Ameolewa na Nani?

Cimpunda, Bukavu
Tarehe 18 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Françoise,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia Maman, ambaye macho yanamsumbua lakini ulimi haujambo kabisa. Wewe u hali gani huko Winnipeg? Mgongo umepoa? Shemeji na watoto je? Carmel bado anakataa fufu? Mwambie mama yake mkubwa amesikitika sana. Sisi huku tu wazima, Mungu ashukuriwe. Mvua bado haijaanza, na vumbi la Cimpunda tunalila pamoja na sombe.

Najua picha za posa umeziona kwenye simu. Umeona vitenge, umeona tunacheka mpaka meno ya nyuma, ukauliza tulikuwa tunacheka nini. Picha haisemi, dada, na mimi nikianza kuongea kwenye simu vocha inaisha kabla sijafika penye utamu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Weka chai karibu.

Unajua kwamba Élodie wetu alipendana na Mutale, yule fundi wa maji kutoka Ndola, Zambia, aliyekuja kufanya kazi ya mabomba hapa kwetu. Kijana mwenyewe hana neno. Ana adabu, na Kiswahili chetu alikiokota barabarani, kila neno na vumbi lake. Shida ilikuwa mume wangu. Papa Élodie hakumkataa kijana, alikataa umbali.

"Clémence," aliniambia, "bale batu hatusikilizane nabo. Siku mutoto atalia kule, nitamuuliza nani? Na kwa luga gani?"

Akasema atawapokea wazee wa kijana, atawatazama machoni, na moyo wake ukikataa atawarudisha kwa heshima. Unamjua shemeji yako. Akisema hapana, hata padri hamgeuzi. Élodie alikuwa hali, halali.

Basi ikabidi tutafute mkalimani, maana wageni hawana Kifaransa wala Kiswahili, wana Kiingereza na Kibemba chao. Na nani akajitokeza? Kaka yetu Chrispin! Si alikaa Kampala akinunua viatu vya kuuza sokoni Nyawera? Alirudi na viatu, suti na Kiingereza, na tangu siku ile hatujapumua.

Wiki nzima alitugeuza wanafunzi. Akatufundisha kwamba kwa Kiingereza neno "kuolewa" halisimami peke yake, lina msaidizi anayelitangulia, na "tayari" haiendi mbele wala hairudi nyuma, inakaa katikati yao: is already married. Ukiiweka pengine, alisema, Mwingereza anakucheka. Papa Élodie akamwuliza, "Na 'kwa sababu' inakala wapi?" Chrispin akajibu, "Ile ngoja kwanza, shemeji. Ile ni ya mwaka wa pili." Pale pale ningepaswa kumfukuza!

Siku ikafika. Wageni walikuwa Mutale, mjomba wake Ba Mwila, mzee mrefu wa maneno machache, na mke wa mjomba, mama mnene aliyejifunga kitenge kwa heshima zote. Tuliwalisha fufu, samaki wa sambaza na kuku mpaka wakasalimu amri. Kwa desturi Élodie alikuwa chumba cha ndani mpaka aitwe, na Mutale hakuruhusiwa kufungua kinywa, wazee ndio wanaosema. Yaani watu wawili waliojua lugha za pande zote ndio waliofungwa midomo, na Chrispin ndiye aliyefunguliwa.

Ba Mwila aliomba binti yetu kwa maneno ya upole. Papa Élodie akawatazama machoni mmoja mmoja, kama alivyoahidi. Mimi nilikuwa nimeshika rozari ndani ya mfuko. Halafu akasema, sauti yake nzuri kabisa:

"Kwa kuwa mulikuja na heshima, kwetu mutoto iko kama alisha kuolewa."

Amekubali! Françoise, nilitaka kupiga vigelegele pale pale. Lakini Chrispin akasimama, akanyoosha tai, akatangaza: "Our girl is already married, since you came."

Ile already aliiweka katikati barabara, tena akatabasamu. Lakini "kama" aliimeza! Élodie alitueleza baadaye: bila "kama", sentensi ile inasema binti yetu ni mke wa mtu. Na since yao, ile aliyoitumia kwa "kwa kuwa", ni "tangu" pia. Wageni walisikia kwamba mtoto ana mume, tena tangu walipofika.

Ba Mwila akaweka glasi chini. "By whom?" akauliza. Ameolewa na nani?

Chrispin, furaha imempanda kichwani, akamnyooshea mkono: "By you!"

Yeye alitaka kusema "na ninyi", ukoo mzima. Maskini, Waingereza wana you moja tu, ya mtu mmoja na ya kijiji kizima. Mzee akamtazama mke wake. Mke akamtazama mzee. Weee! Yule mama aliinuka, akachukua mkoba wake, akaanza kumwaga Kibemba juu ya kichwa cha mumewe, na mzee naye anaapa kwa mikono yote miwili. Chrispin amesimama katikati, bado anatabasamu.

Papa Élodie hakuelewa kitu ila kwamba wageni wanaondoka. Uso wake ukakunjamana. "Unaona, Clémence? Nilikuambia. Hatusikilizane. Mutoto haendi."

Nyuma ya mlango nikamsikia Élodie analia. Nikajisemea basi, yamekwisha, sherehe imekuwa matanga.

Ndipo Mutale akavunja desturi. Aliruka kutoka kwenye kiti, jasho linamtiririka, akasimama mbele ya Papa Élodie. Kiswahili chote kilikuwa kimemkimbia, akakamata kilichobaki:

"Papa, hapana! Hataolewa na muzee! Mimi! Ni mimi njo nitaolewa na Élodie!"

Mara sauti ya Maman kutoka pembeni: "Ataolewa yeye? Na shela atavala?"

Nyumba ilipasuka! Mimi nilianguka juu ya jirani. Papa Élodie alijizuia, akajizuia, mabega yakaanza kumtikisika, mwisho akacheka mpaka akaomba maji. Mwanaume mzima, fundi wa mabomba, anaolewa!

Mama wa Ndola, mkoba begani, akamwuliza Mutale tunacheka nini. Kijana wa watu akamweleza kwa aibu, kwa Kibemba. Na sasa sikia, dada. Kwao mwanaume ana-upa, mwanamke ana-upwa, na Mutale alikuwa amejipa upande wa bibi harusi. Yule mama akatoa macho.

"Upwa?" akamwuliza.

"Upwa," kijana akakiri.

Akamgeukia Maman. "Olewa?"

"Olewa!" Maman akajibu.

Mkoba chini! Alicheka yule mama, akapiga mapaja, akamkumbatia Maman. Ile -wa ya mwisho ni moja, ya kwao na ya kwetu! Wakaketi pamoja kutafuta mengine, kwetu itwa, kwao itwa, na kila wakipata wanapigana viganja kama wasichana. Hapo Mutale akawarudishia wazee wake maneno ya Papa Élodie, pamoja na "kama" yake, na Ba Mwila akacheka kuliko wote, nadhani kwa nafuu.

Papa Élodie akaniinamia. "Kwabo pia mwanaume haolewi?"

"Haolewi," nikasema.

"Basi bale ni batu ya kwetu." Akapaza sauti mwenyewe: "Élodie! Toka!"

Chrispin mpaka leo anabisha kwamba already ilikuwa mahali pake. Tumemwacha na haki yake.

Élodie alitoka, macho mekundu, akapiga magoti mbele ya wageni. Mama wa Ndola hakumwacha chini. Alimwinua, akamshika uso kwa mikono miwili, akasema polepole, "Mwana wandi."

Chrispin akakohoa, akashika tai yake, akafungua kinywa atafsiri. Papa Élodie akamvuta koti bila kumtazama, machozi yanamshuka.

"Kala chini, Chrispin. Ile tumesikia."

Harusi ni Desemba, na nafasi yako ya kulala ni kwangu, si hoteli. Maman anakubariki. Chrispin na mke wake Fabiola wanakusalimu, Élodie anakubusu, na Papa Élodie anauliza kama shemeji bado anapenda sambaza. Nisalimie watoto mmoja mmoja kwa jina. Mungu awafunike baridi ya huko ikirudi, na atukutanishe uso kwa uso tukiwa tungali na meno ya kuchekea.

Mkubwa wako, anayekupenda hata ukichelewa kujibu,

Clémence