Mama Moraa Hakumroga Baba

London, Novemba 1996

Mdogo wangu Ombati,

Salamu kutoka kwenye baridi hii. Mko wazima hapo Marani? Watoto je? Mimi mzima wa kuandika, wa kusikia hapana. Sikio la kushoto limekufa. Wazee ninaowaogesha kazini huniita mpaka wanachoka.

Barua yako nimeipata. Ati nawe umeanza kusikia mlio sikioni, na Mama Moraa ndiye anayekuroga akiwa huko Keroka, kwa hiyo utakwenda na vijana mkammalize. Koma, Ombati! Koma kabisa!

Mimi nimepigwa picha ya kichwa. Nina uvimbe kwenye neva za kusikia, kulia na kushoto. Si saratani, lakini unakua polepole na kuusogelea ubongo. Daktari akauliza kama mzazi wangu yeyote alikuwa kiziwi. Nikamweleza habari za baba: ule mlio, kisha kuyumba njiani hadi watu wakasema amelewa, yeye Msabato ambaye busaa hakuijua ladha yake, kisha uziwi. Akasema ni kasoro ya kuzaliwa nayo, iko ndani ya chembe za mwili, na mzazi anaweza kumrithisha mtoto wake. Baba ndiye aliyeturithisha, masikini, bila kujua.

Ulimwita omobari, mpasuaji wetu wa jadi, akampasua baba ngozi ya kichwa na kukwangua fuvu ili maumivu yatoke. Yule angalau aliutafuta ugonjwa kichwani. Wewe uliutafuta kwa mjane, Mama Moraa, ukasema ndiye aliyemroga baba. Ukachoma nyumba ya mwanamke aliyetulea mama alipofariki, na leo anauza ndizi kando ya barabara huko Keroka kama mtu asiye na kwao. Nina hasira nawe.

Nenda hospitali wakupime, na watoto pia.

Mwezi ujao nitapasuliwa upande wa kulia. Daktari hakunificha: nitaamka sisikii kitu. Jumatano ya kwanza ya mwezi huo, asubuhi, kabla sijapasuliwa, nitapiga simu kwenye duka la vitambaa la yule Mhindi mjini Kisii. Nenda Keroka peke yako, umpigie Mama Moraa magoti, umlete dukani.

Nisalimie shangazi, mkeo, na mwalimu wetu wa kwaya.

Simu ikilia, mpe yeye. Nataka sauti yake iwe ya mwisho masikioni mwangu. Yako sitaki kuisikia.

Dada yako,
Kwamboka