Fremu ya Kitambaa cha Barwaqo

Eneo la Viwanda, Nairobi
2 Februari 2025

Hooyo mpendwa,

Asalaam aleykum. Mimi ni mzima, isipokuwa mikono. Naomba barua hii ikukute na goti limepoa na masikio hayajazidi kuziba. Nimechoka kupiga kelele kwenye simu mpaka Habaswein nzima ijue nimekula nini. Ndiyo maana naandika na kumpa Abdihafid, kondakta wa basi. Kiswahili chako cha ngumbaru na changu cha darasa la sita vitatutosha, maana Kisomali hakuna aliyetufundisha kukiandika.

Nina jambo, na lina haraka.

Kazi yangu unaijua: naosha fremu za kuchapia vitambaa. Fremu ni mbao nne zenye wavu mwembamba. Wavu umezibwa kwa gundi ngumu, na rangi hupita pale tu mchoro ulipoachwa wazi. Miaka tisa nazisugua kwa dawa inayonibandua ngozi. Sasa kiwanda kinatimiza miaka arobaini, kuna sherehe tarehe 12 Aprili, na wametutolea fremu kuukuu za stoo tuzisafishe. Wametundika ukutani vitambaa vya zamani, na chini ya kila kimoja kuna kadi yenye mwaka na jina la aliyechora.

Jumatano niliitundika fremu moja kwenye ndoano, kichwa chini, kama tunavyofanya ili maji yateremke. Rangi kavu ikatoka, na ndani ya kila ua nikaona alama ya ngamia wetu. Fimbo moja imesimama, na juu yake kikombe kilichofunguka. Ile ile iliyochomwa shingoni mwa ngamia wanne niliowachunga nikiwa mdogo. Nilikaa chini kwenye maji machafu.

Ni Barwaqo, hooyo! Kile kitambaa cha baati, gauni pana la nyumbani, ulichokuwa ukiuza Garissa, ambacho kila mwanamke alikivaa mpaka kikawa cha kufutia masufuria. Majirani walisema ulikichora wewe, nami nikadhani ni maneno ya sokoni. Nimekwenda ukutani kuangalia. Kadi inasema: "1994. Mchoraji hajulikani." Hata mwanamume aliyechora lile nanasi baya ana jina lake.

Niambie ulivyokichora, nikaweke jina lako pale.

Mwanao,
Aweys


Habaswein
20 Februari 2025

Aweys hooyo, mwanangu,

Waaleykum salaam. Goti lipo, masikio ndiyo hayo, mvua hakuna. Mbuzi wawili wamezaa. Paka mikono yako samli kabla ya kulala, hizo dawa zao usizizoee.

Umeuliza habari za zamani. Wakati ule tuliuza vitambaa pale Garissa tukiwa wanawake sita. Vitambaa vya kiwandani vilikuja na maua makubwa kama sinia. Ua kama hilo likikaa tumboni, hata binti anaonekana ana mimba ya miezi saba. Wanawake walishika kitambaa, wakacheka, wakakirudisha. Tukasema basi, tutachora wenyewe. Tulichana karatasi za sukari, tukachora kwa kijiti na hina. Tuliweka maua madogo, mistari ya kushuka ili mtu aonekane mrefu, na rangi isiyoonyesha vumbi. Mfanyabiashara mmoja alipeleka karatasi Nairobi. Yeye alibeba tu. Sampuli ikirudi tunaifua kwa sabuni ya mche na kuianika siku tatu, na ikipauka tunamrudishia. Jina la kitambaa pia tulilitoa sisi.

Kitambaa cha kwanza cha Barwaqo kiliporudi palikuwa na ugomvi, lakini hayo yamepita.

Usiwasumbue hao watu kwa ajili ya kadi. Kadi hailiwi. Fanya kazi yako, uoe.

Hooyo yako,
Sadiyo


Eneo la Viwanda, Nairobi
12 Machi 2025

Hooyo,

Ramadhani njema. Nafunga nikiwa nimesimama ndani ya mvuke wa dawa, Mungu aipokee hivyo hivyo.

Umesema niache. Sikuacha. Nilikwenda kwa mama wa ofisi ya michoro nikiwa na buti za maji. Nikamwambia, "Barwaqo ni ya mama yangu."

Supavaiza alikuwa mlangoni. "Leo ni mama yake," akasema, "kesho atatwambia ngamia ndiye aliyechora."

"Ngamia anahusika," nikamjibu. Walicheka mpaka wakaegemea meza.

Nilirudi mara nne. Mara ya kwanza yuko mkutanoni. Mara ya pili niandike barua. Mara ya tatu barua haionekani. Mara ya nne sikuongea, nilichora alama kwa chaki kwenye sakafu ya ofisi yake, nikamwomba aje kwenye karo letu la kuoshea. Niliigeuza fremu kichwa chini mbele yake. Alisogea, akaanza kuhesabu maua kwa kidole.

"Nimekiangalia kitambaa hiki tangu nikiwa mwanafunzi," akasema, "na sijawahi kuiona." Aliniambia kwamba michoro mingi mizuri ya miaka ile ililetwa na wafanyabiashara wanaume, na kitabuni waliandika jina la aliyebeba au hawakuandika kitu. Hakuna aliyeuliza ni mwanamke gani alikaa na karatasi.

Sasa soma hapa taratibu. Kadi imebadilishwa: "1994. Mchoraji: Sadiyo Alio, Habaswein." Niliisimamia mpaka gundi ikakauka. Supavaiza alipita, akaisoma, akaenda zake. Miaka tisa, hooyo, ndiyo siku ya kwanza nimepita kwenye ukumbi ule bila kuinamisha kichwa.

Mbona hujajibu salamu nilizotuma na Abdihafid? Anasema ulisoma kile kikaratasi nilichokuandikia kuhusu kadi, ukakikunja, ukaingia ndani.

Mwanao,
Aweys


Habaswein
27 Machi 2025

Aweys hooyo,

Mimi ni mzima. Usiulize zaidi kuhusu afya yangu leo.

Iondoe hiyo kadi.

Ile alama si yetu. Ulikuwa mdogo, ulichunga ngamia wanne ukadhani ni wa baba yako. Baba yako alikuwa na alama yake, mistari miwili pajani, nawe uliiona kwa ngamia wengine. Wale wanne wa kikombe walikuja na Weris, mke wa pili wa baba yako, eddo yako aliyekuwa akikusuka nywele ukilia. Ni zawadi aliyopewa na baba yake siku anaolewa, na zawadi ya bibi harusi hubaki na alama ya kwao. Mtoto yeyote wa mchungaji angejua. Wewe hukujua kwa sababu hatukukwambia. Baba yako alipomwacha mwaka 1997, Weris alirudi kwao Sangailu kwa miguu yake na ngamia wakabaki kwetu. Maziwa uliyokulia ni yao.

Karatasi ile ya sukari aliichora yeye. Mimi nilishika taa na kuchanganya hina. Mfanyabiashara alipouliza ni ya nani, Weris alikuwa na homa amelala, nami nikasema, "Yangu." Sijui kwa nini. Nilikuwa mke mkubwa na yeye ndiye aliyependwa. Majirani wakarudia neno hilo, nami sikulikanusha kwa miaka thelathini. Nilidhani hata hivyo limefutika, kama kitambaa chenyewe kilivyochakaa.

Nilikwambia uache. Nilipaswa kukwambia kwa nini.

Iandike upya kwa jina lake: Weris Fathi, Sangailu.

Hooyo yako


Eneo la Viwanda, Nairobi
14 Aprili 2025

Hooyo,

Salamu. Idi ilipita. Sikupika kitu.

Barua yako niliisoma mara tatu, na kila mara nilikukasirikia upya. Ungeniambia Februari! Nimejisimamisha mbele ya watu kwa neno lako, na neno lako ulilificha kama sukari ya Ramadhani.

Nilikwenda ofisini. Nikasema, "Nilikosea. Si mama yangu, ni mke mwenzake."

Supavaiza alipiga makofi. "Wiki ijayo ataleta mke wa tatu!"

Mama wa ofisi hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema sherehe imebaki siku tatu, majina ya kadi yameshaingizwa kwenye kitabu cha sherehe, na mtu aliyeleta majina mawili hawezi kuaminiwa kwa lolote. Nikamwambia piga simu Sangailu. Akasema, "Aweys, nilikuamini mara moja." Jioni ile kadi ilirudi kuwa "Mchoraji hajulikani."

Sasa sikiliza nilichofanya, kwa sababu utakisikia kwa Abdihafid akiwa amekiongezea chumvi. Waliamua kuichapa Barwaqo upya, mita mia sita za kugawia wageni. Fremu ikaletwa kwangu niioshe. Niliilaza mezani, nikachukua msumari, nikakwaruza gundi pale ukingoni, herufi moja moja: WERIS FATHI SANGAILU. Nikapeleka fremu kwenye mashine, nikaomba dua.

Jina likatoka kinyume. Nilikwaruza upande unaolalia kitambaa, kwa hiyo herufi zote ziliangalia nyuma. Miaka tisa naosha fremu na sikufikiria hilo! Mita mia sita zina maandishi ambayo ni kioo tu kinachoweza kuyasoma. Wageni walidhani ni Kichina. Supavaiza peke yake ndiye aliyechukua kioo.

Jumatatu, yaani leo, wamenipa barua ya kuondoka. Nimeficha kipande kimoja ndani ya shati, hiki hapa. Sitaki kukiona. Fanya nacho unavyotaka. Wewe umesema ukweli ukiwa umechelewa, na mimi ndiye niliyefukuzwa.

Aweys


Sangailu
4 Mei 2025

Aweys hooyo,

Waaleykum salaam, ingawa salamu yako ilikuwa fupi. Nakuandikia kutoka kwa eddo yako Weris. Nimefika juzi, siku tatu njiani na goti hili.

Hakunikumbatia. Alinitandikia mkeka na kuniwekea chai, akakaa upande wa pili akisubiri. Amezeeka, ila mgongo wake umenyooka kuliko wangu. Nilimwambia kila kitu, na kwa kuwa siku hizi sisikii sauti yangu, nilikuwa nikipiga kelele. Jamaa zake wote walisikia. Niliposema habari ya ngamia kwamba waliisha na ukame, akasema, "Najua. Niliuliza kila msafiri habari zao, mmoja mmoja." Basi. Nikanywa chai yake.

Nikatoa kitambaa chako. Weris hajui kusoma, kwa hiyo maandishi yako ya kinyume hayakumsumbua kabisa. Alikipitishia kidole mpaka kwenye ua, akakisogeza machoni, halafu akakitupa pajani pangu.

"Bado wamekigeuza!" akasema.

Ndio ule ugomvi wa mwanzo, Aweys. Karatasi ilikuwa na upande uliochanika, na upande huo ndio chini. Yeye alikuwa na homa, nami sikumwambia mfanyabiashara. Kiwandani wakaichapa kichwa chini, kikombe kikamwagika. Alama hiyo ikigeuzwa ni ya watu wengine, wale waliogombana na kina Weris kwenye kisima. Amesema, "Miaka thelathini wanawake wote wa Garissa wanatembea na alama ya wale wezi, na mimi ndiye niliyewavika!" Hakuwa na hasira ya jina. Jina hakulitaja hata mara moja.

Nikamwambia kwamba wewe uliiona imesimama sawa. Akauliza vipi. Nikasema huko kiwandani fremu hutundikwa kichwa chini zinapooshwa, na mwanangu ndiye muoshaji. Akauliza kama mikono yako bado inabanduka, kwa sababu nilikuwa nimeitaja, na akaenda kuleta samli yake. Imo humu ndani ya chupa. Si yangu, ni yake, kwa hiyo usiipake bila kumshukuru.

Leo asubuhi ameomba karatasi. Alichora alama yao kwa kijiti na hina, nami nikamshikia bakuli, safari hii nikanyamaza. Nilimwambia umefukuzwa, huwezi kuipeleka kiwandani. Amesema basi ukae nayo, uibandike popote utakapolala.

Ipo chini ya maneno haya, ndiyo sahihi yake. Upande uliochanika ndio chini. Shika karatasi vizuri, kikombe kiangalie juu.

Hooyo yako, Sadiyo,
pamoja na eddo yako