Baba, Duka Lile Sikulitaka

Baba yangu,

Shikamoo. Ulipokuwa hai hukuwa ukiniitikia nikikuudhi, kwa hiyo leo sitashangaa.

Unakumbuka ruksa ya kuagiza bidhaa nje ilipokuja? Makontena yalitoka bandarini mfululizo, Kariakoo ikajaa vitenge na redio kaseti, na wewe uliyetoka Lindi na begi moja ukapata chumba cha pili cha duka, ukuta mmoja na Kanji bhai muuza masufuria. Ukasema hicho ni changu. Nami nikakwambia nimechaguliwa chuo, kusoma fizikia.

"Dunia nzima inakuja Kariakoo," ukasema, "wewe unatoka kwenda wapi?"

Nilienda. Hukunisindikiza. Iliniuma, baba, na bado inaniuma, lakini sijutii.

Sasa nikueleze ninachofanya, maana hukuwahi kuniuliza. Tuna fuwele, kijiwe kinachong'aa, kidogo kama punje ya mchele. Tunaipoza kwa baridi ambayo mbele yake barafu ya Kariakoo ni uji wa moto. Ndani yake zimo ayoni za madini adimu, chembe ndogo mno, na kila moja huitikia rangi yake tu ya mwanga wa leza. Tunataka mbili zishirikiane, ya kwanza iamue kama ya pili itageuka hali au haitageuka. Hilo ndilo tunaloita lango, hatua moja ya hesabu ndani ya kompyuta ya kwanta, mashine ambayo dunia bado inahangaika kuiunda.

Na namna zinavyoshirikiana, wewe unaijua. Kanji bhai akiwa na mteja mlangoni, hukumwita mteja yule hata kama vitenge vyako ni bei chee. Asipokuwa na mtu, uliita wapita njia mpaka sauti ikakauka. Ayoni nazo ni hivyo hivyo. Ya kwanza ikiamshwa, jirani yake hubadili rangi anayoiitikia, na mwanga wetu unampita tu. Ya kwanza ikiwa imetulia, jirani anageuka.

Juzi Baba mdogo alinipigia simu. Duka lako lina kufuli tangu tukuzike.

"Lango lenu linakosea, umesema mwenyewe," akaniambia. "Rudi ushike duka la baba yako."

Ni kweli linakosea. Ayoni zinasahau mapema hali tuliyoziwekea, na wenzetu wanaotumia njia nyingine wametutangulia. Nikamjibu kwa heshima kwamba sirudi. Akasema wewe ungelia. Nikamwambia wewe ungegomba.

Nimechoka kuitwa mtoto aliyepotea. Mzigo ukikwama bandarini mnasema mvumilivu hula mbivu. Kazi yangu mnataka iive leo.

Sikukuomba ruhusa wakati ule, na leo sikuombi radhi. Kesho asubuhi naingia maabara, tunajaribu tena. Nilitaka kitu kimoja tu: siku lango likikubali, nikupigie simu, useme ni upuuzi mtupu, nami nibishane nawe mpaka salio liishe. Hicho ndicho ulichoninyima, baba, na hicho sijakusamehe.

Pumzika. Bado sikubaliani nawe.

Binti yako wa kwanza, yuleyule mbishi.