Kaka, Sasa Tuko Wawili Wenye Bastola

Downsview, Toronto
Jumapili, baada ya misa

Kwako Kaka Festo,

Shikamoo. Wifi hajambo? Watoto wanasoma au wanakusumbua tu? Na Mama, goti lake la kushoto linasemaje kipindi hiki cha baridi ya Mafinga? Sisi huku wazima kabisa, mimi na Grace. Salamu nimezikata fupi makusudi, kwa sababu nina habari, na nisipoitoa sasa hivi nitapasuka.

Nimefaulu, Kaka! Yale mafunzo niliyokuwa nakudokezea kwenye simu nimeyamaliza, kazi nimepata, na hii ni wiki yangu ya tatu nasindikiza gari la fedha za benki. Nina buti. Nina fulana ya kuzuia risasi, nzito kama gunia la mahindi. Na kiunoni, Kaka, kiunoni nina bastola! Mimi Konso, niliyekuwa nikisikia fataki za mwaka mpya najificha stoo! Kwa baba yetu sasa tuko wawili: wewe na yako chini ya shati, mimi na yangu hadharani.

Usidhani huku kila mtu anatembea nayo. Mtu wa kawaida haruhusiwi kubeba bastola barabarani, iwe imefichwa au inaonekana. Hata kile kichupa cha pilipili cha kumpulizia mtu machoni ni kosa kutembea nacho. Mimi nimeruhusiwa kwa ajili ya kazi tu. Jioni naikabidhi, natia saini, napanda basi na bakuli langu la chakula kama mama yeyote. Grace alisikitika sana, alitaka niende nayo shuleni kwao. Nilimwambia kwa Kiswahili asahau, akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba mimi sina raha.

Sasa ngoja nikuambie kuhusu mwalimu wetu. Tunamwita Mzee Tony, ni Mhindi wa Goa aliyezaliwa Nairobi, ana mvi kichwa kizima. Siku ya kwanza aliona jina langu kwenye orodha, akaniuliza natoka wapi. Niliposema Tanzania, Kiingereza akakiacha hapohapo. "Karibu, mama! Mimi nimekula mandazi ya Pangani kabla wewe hujazaliwa." Darasa zima likabaki linatutazama.

Nilidhani tutafundishwa kulenga. Kulenga tulifundishwa, na nalenga vizuri, usinichezee. Lakini muda mwingi ulikuwa wa maswali. Mtu amekupokonya mfuko wa fedha, anakimbia, utafanya nini? Mkono wangu ulikuwa wa kwanza juu: nafyatua! Mzee Tony akatikisa kichwa. "Mgongo yake inakutisha nini, mama? Fedha ni ya benki. Wacha aende." Alisema hakimu atauliza kama maisha ya mtu yalikuwa hatarini saa ileile, nani alianza, kama kulikuwa na njia nyingine, na kama ulichofanya kililingana na ulichofanyiwa. Hatari ikiisha, na wewe unaishia hapo. Akatufundisha kusimama mbali na mtu, kutafuta mlango wa kutokea kabla hujaingia, na kutumia mdomo kabla ya mkono. Kisha akasema neno ambalo limeniganda.

"Siku unavaa hii kitu, haki ya kugombana umeirudisha. Mtu akikutukana, wewe ndiye wa kwanza kusema sori. Kwa sababu ukiingia kwa ugomvi, bunduki imeingia na wewe."

Kaka, hapo nilikukumbuka. Mwezi uliopita ulinisimulia kwenye simu, unacheka, jinsi lori la jirani yako Baba Tumaini lilivyoziba geti lako la mbao tena, mkatukanana, na wewe ukapandisha shati kidogo tu ili aone. Ukasema alinywea, akaondoa lori bila neno, na tangu siku hiyo hajaegesha pale. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Sikulaumu kuwa nayo. Wale majambazi walikuvamia na mapanga, na serikali imekupa kibali. Lakini Mzee Tony anasema kumwonyesha mtu bastola katika ugomvi ni kumtishia kifo, na kwa sheria ya huku ungekuwa ndani. Ya huko muulize wakili, mimi siijui vizuri.

Hata hivyo sikuandikii kwa sababu ya darasa. Nakuandikia kwa sababu ya Alhamisi.

Tulikuwa kwenye maduka fulani hapa Downsview. Mwenzangu ni Papa Deo, Mkongo wa Bukavu. Yeye alikuwa amebeba mfuko, mimi nalinda. Gari letu lilikuwa limeziba gari la bwana mmoja. Umesikia? Safari hii mwenye lori ni mimi! Bwana akatoka dukani na maziwa yake, akaanza kufoka. Akaniambia nirudi nilikotoka. Akasogea, kidole hiki hapa, karibu na pua yangu. Unanijua mimi, ndiye niliyemrushia fundi cherehani mwiko. Damu ikapanda. Na bila kufikiri, kiwiko changu kikarudi nyuma, mkono ukakaa karibu na kiuno.

Macho yake yakashuka pale. Kidole kikateremka.

Na nikuambie ukweli ambao sijamwambia mtu: nilisikia raha. Raha tamu, Kaka, ya mtu mzima kuniogopa. Ndipo nikamwona Baba Tumaini. Nilimwona kama yuko mbele yangu, na kofia yake ya sufu, anakutazama wewe hivyohivyo. Moyo ulinilipuka kwa aibu.

Nikarudi hatua mbili nyuma, nikafungua viganja vyote viwili aone. "Sori, bwana. Kosa ni letu. Dakika mbili tu." Kosa halikuwa letu, pale tumeruhusiwa kusimama! Lakini nilisema hivyo. Akanung'unika kitu, akaenda na maziwa yake kukaa garini mwake. Tulipofunga mlango wa gari Papa Deo akapiga makofi. "Mama Grace, ulifanya muzuri sana! Mimi ningemujibu, na leo tungelala polisi." Nikacheka hadi machozi. Nilifurahi kuliko siku niliyopewa cheti.

Sasa, Kaka, mimi nimemwomba radhi mtu ambaye hata jina langu halijui. Baba Tumaini alishika jeneza la Baba upande wa kulia, wewe ukashika wa kushoto. Lori hilohilo ndilo lililobeba sanduku langu hadi stendi siku naondoka, na hakutaka hata nauli. Usijidanganye kwamba amekuheshimu. Amekuogopa, na mtu anayekuogopa siku moja naye atakuja amejiandaa. Silali vizuri nikifikiria mmoja wenu kaburini. Nenda kamwombe radhi.

Desemba nakuja, tiketi ninayo! Nataka nikishuka stendi nipokelewe na nyinyi wawili, na sanduku langu lipande lori lile.

Msalimie Mama, mwambie mjukuu wake anajifunza kupika ugali na anauunguza. Wifi nimemtafutia viatu, anitumie namba yake ya mguu. Shangazi wa Iringa mpe pole ya ng'ombe wake aliyekufa. Mdogo wetu wa mwisho mwambie asome, aache kunitumia picha za pikipiki.

Na siku ya kwenda kwa Baba Tumaini, ile kitu ifungie kabatini. Halafu chomekea shati, Kaka, akuone kiuno tangu ukiwa getini.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda,
Konso