Tairi Nilizozihamishia Nyuma

Kingsview Village,
Dixon Road,
Toronto, Kanada.
9 Novemba 2014

Mpendwa mdogo wangu Genoveva,

Pokea salamu zangu na za Philomena. Hujambo wewe, na wote hapo Kilema hawajambo? Mguu uliosema unavimba jioni umepata nafuu? Mvua za vuli zimefika, au bado mnatazama mawingu tu? Kahawa iliyo kwenye kichanja cha kuanikia naiombea jua, maana najua ilivyokuwa ikikunyima raha tangu tukiwa wadogo.

Sisi hapa tupo. Philomena anatembea na mkongojo wake na ananigombeza kwa ajili ya chumvi. Wajukuu wanakua. Ukiwasemesha Kiswahili wanakuelewa vizuri sana, kisha wanakujibu kwa Kiingereza.

Mimi moyo wangu umechoka. Daktari alinieleza kwa kuzungukazunguka, nikamwambia nimefundisha hesabu miaka ishirini na tisa, anipe tarakimu. Akanipa. Pasaka huenda nisiione. Usilie sasa, soma kwanza mpaka mwisho. Mwandiko umepinda lakini akili yangu imetulia, na nimeamua kumaliza jambo hili kabla sijafa.

Genoveva, mwanao Godson hakusababisha ajali ile ya mwaka 2006. Niliisababisha mimi, na nimelijua hilo kwa miaka minane.

Mwaka ule, theluji ilipokuwa inaanza kuyeyuka, niligonga ukingo wa saruji nikiingia kwenye maegesho ya kanisa. Sikuuona. Jicho langu la kulia lilikuwa limeshaingiwa na mtoto wa jicho, na sikumwambia mtu. Niliogopa kunyang'anywa funguo, nikae ndani kama mzigo unaosubiri kupelekwa. Tangu siku hiyo usukani ulikaa upande hata nikienda moja kwa moja, na gari likawa linavuta kulia. Philomena alipouliza, nilimwambia barabara za hapa zimeinama.

Nilivumilia hivyo hadi Oktoba. Zikaanza kelele kutoka mbele, kama nyuki ndani ya debe. Nikalipeleka gari kwa fundi wangu Bahadur, Mhindi mzaliwa wa Tanga, mwenye gereji nyuma ya maghala ya Downsview. Alilinyanyua, akaniita chini yake.

"Mwalimu, njoo uguse. Usiogope kuchafuka, suruali yenyewe ya zamani."

Nikagusa. Kwa nje tairi mbili za mbele zilikuwa nzuri kabisa. Kwa ndani zilikuwa kipara, na waya zilinichoma kidole.

"Uligonga wapi?"

"Sikugonga popote."

"Basi gari limejigonga lenyewe likiwa limelala," akasema. "Mkono wa chini unaoshika gurudumu umepinda. Magurudumu hayatazami njia moja, kwa hiyo tairi inaburutwa badala ya kuzunguka. Niachie hapa mpaka Alhamisi. Nibadilishe mkono, nipige alaimenti yanyooke, ufunge tairi mpya."

Nikiliacha, Philomena angeuliza kwa nini. Nikamwomba Bahadur azihamishe tu zile mbovu ziende nyuma, zile nzima zije mbele, kama tulivyokuwa tukifanya Moshi. Unaikumbuka Peugeot yangu; daima kipara ilikaa nyuma, nzuri mbele penye usukani. Kila dereva wetu aliamini hivyo.

Bahadur akakataa katakata. "Hiyo ya Moshi iache Moshi. Barabara ikilowa hapa, mkia utamtangulia mwenye gari. Mimi sifungi."

Nikaenda nyumbani nikazihamisha mwenyewe, kwa jeki, kwenye maegesho yaliyo chini ya jengo letu. Nilikuwa na miaka sitini na sita na nilijiona bingwa. Zile kelele zikahamia nyuma, usukani ukawa mwepesi kidogo. Ukisimama kando ya gari usingeona kasoro yoyote, kwa sababu upande uliolika ulitazama ndani. Nilijiambia ni mpaka Alhamisi ya wiki inayofuata.

Jumanne ikanyesha. Kila siku mimi ndiye niliyempeleka Philomena kwenye zamu yake ya kufunga mizigo kule Malton, karibu na uwanja wa ndege. Siku ile nilimpa Godson, aliyekuwa akikaa kwetu kwa masomo, funguo kwa mkono wangu, kwa sababu kwenye mvua sikuwa naona. Sikumwambia neno juu ya tairi.

Mengine unayajua. Kwenye kona gari lilizunguka likapiga kingo za barabara kwa ubavu, upande wa Philomena, nyonga ikavunjika. Hospitalini, Godson alikuja kwangu.

"Mjomba, mkia ulitoka wenyewe. Sikuwa nakimbia, haki ya Mungu. Muulize anti."

Anti yake alikuwa amesinzia, hakuona kitu. Na mimi, mbele ya askari na watu wawili wa jumuiya yetu, nikasema, "Vijana mnapenda mbio." Maneno matatu tu. Gari likakokotwa likaenda kupondwa, na hakuna aliyeinama kutazama tairi kwa ndani.

Kwa maneno hayo kijana aliacha masomo yake ya ufundi wa ndege, akarudi kwenu akiwa na jina la mtu aliyetaka kumuua mke wa mjomba wake.

Kisha likaja lile ambalo limenitesa kuliko ajali yenyewe. Ulinitumia jani la isale ndani ya bahasha. Lilifika limekauka, umelifunga kwa karatasi ya daftari. Sisi Wachaga tunajua kwamba ukipelekewa isale huna ruhusa ya kukataa kusamehe. Ningeweza kukuandikia siku ileile kwamba umekosea mlango, kwamba jani hilo ni mimi niliyepaswa kumpelekea mwanao. Badala yake niliandika barua nzuri ya msamaha, mkaisoma kwenye kikao cha Krismasi, na ukanijibu kwamba wazee walinisifu kwa roho yangu kubwa. Genoveva, nilimsamehe mtu asiyenikosea, na nikapokea sifa.

Mwezi uliopita nilimwambia Philomena. Kisha akasema, "Kumbe ndiyo sababu umenipikia uji miaka minane. Nami nikadhani ni mapenzi." Nikataka kueleza. "Mimi usinianzie," akasema. "Mimi nilivunjika mfupa, umeunga. Mpigie Godson simu."

Nikapiga. Nilimweleza yote bila kupunguza. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Zile za mbele ulizihamisha lini?" Nikamwambia Jumamosi. Akasema, "Kwa hiyo nilikuwa nasema kweli." Nikamwambia ndiyo, ulikuwa unasema kweli. Kisha akauliza, "Mama anajua?" Nikasema bado. "Basi mwambie wewe, mjomba. Mimi nilimwambia mwaka 2006, hakuniamini."

Ndiyo maana nakuandikia. Barua hii usiifiche kwa kunionea huruma. Krismasi ukoo utakapokutana, isomwe yote kwa sauti, mbele ya wazee walewale waliosikia ile ya kwanza. Asisome Godson, asome mwanaume wa umri wangu. Nimempa nakala padri wetu hapa, naye ameahidi kuituma Kilema nisipopata habari kwamba imesomwa. Wale wawili wa jumuiya nimeshawaambia mwenyewe, nikiwa kwenye kiti changu cha magurudumu.

Wala usiniandikie kwamba umenisamehe. Anayestahili kuombwa yuko hapo kwako, na mimi nitaendelea kumwomba siku zilizobaki, akikubali au asikubali. Nimemwambia kwamba hana wajibu wa kukubali.

Na wewe pia una lako kwake, mdogo wangu. Uongo ni wangu, lakini mwanao alikuapia nawe ukaamini barua yangu. Hilo siwezi kulibeba kwa niaba yako.

Nisalimie shemeji Mathei na mama yake. Msalimie mwalimu Egidi na watoto wote wa nyumba ya juu. Philomena anakusalimu, anasema nyonga inatabiri mvua vizuri kuliko redio.

Mungu akupe nguvu ya miguu na maneno, aibariki nyumba yako na kila aliye chini ya paa lake.

Ukimaliza kusoma hapa, usitafute karatasi ya kunijibu. Nenda kamwite Godson.

Ni mimi nikupendaye, na niliyekuficha,
kaka yako Thobias